Wa Nyuma

Mbele yuko Barongo na miguu yake ya korongo,
filimbi shingoni, kofia ya rangi za bendera,
anajua kila njiapanda ya Karura kwa namba yake.
Mimi niko nyuma.
Chama kimenipa cheo kizuri: mfunga msafara.
Mutheu huniita mkia, wala hakosei.
Bila mkia mnyama hafukuzi nzi.

Hatulipwi. Watu huuliza, nami hujibu hivyo hivyo.
Jumatatu hadi Ijumaa nahesabu misumari na bawaba
katika duka la vyuma, barabara ya Kirinyaga.
Jumamosi nahesabu watu.
Misumari haitoki malengelenge.
Misumari haikwambii, kilomita ya pili,
kwamba haikunywa chai.

Mkobani: plasta, glukosi, kamba za viatu jozi mbili,
ndizi za yule atakayesema hana njaa,
mfuko wa taka, daftari la miraba.
Geti la Sigiria, saa moja na robo: thelathini na mmoja.
Niliandika. Nikapiga mstari.

Kwenye maporomoko walipiga picha; nikahesabu, thelathini na mmoja.
Kwenye mapango wakanyamaza kidogo,
jinsi watu wanavyonyamaza pale; thelathini na mmoja.
Kwenye mianzi, thelathini na wawili.

Nikarudia kwa kidole. Nikarudia kwa macho tu,
kama mtu anayehesabu pesa mbele ya mgeni.
Thelathini na wawili.
Nimewahi kupoteza mtu
(Lusweti, mwaka juzi, tulimkuta akizozana na kima)
lakini sijawahi kupata wa ziada.

Alikuwa hatua kumi mbele yangu.
Shati lililopigwa pasi. Viatu vyeusi vya ofisini,
vumbi jekundu limepanda hadi kwenye vifundo.
Begi la kompyuta likimyumba ubavuni, jepesi,
kama halina kitu.
"Samahani," akasema, "nilisikia mnacheka."

Basi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.
Hawakushuka mteremko ule kwa soli laini.
Alijikwaa mara mbili: mara ya kwanza nilimshika,
mara ya pili tulishikana.
Sikumwuliza anafanya kazi wapi.
Ukikaa nyuma miaka minne unajifunza:
swali likitangulia, mtu hubaki.

Nilimpa yai la kuchemsha. Akalimenya taratibu,
maganda akayatia mfukoni mwa suruali.
Nikamwambia mfuko wa taka upo. Akasema haidhuru.
Nilimtajia mti mmoja ninaoujua, muhugu,
naye akanitajia ndege;
huenda sote wawili tulikosea.
Filimbi ya Barongo ikalia huko mbele, mlio mmoja: mko wapi?
Yangu ikalia miwili: tupo.
Chama chetu hakina lugha nyingine zaidi ya hiyo.

Getini alitazama saa. Tano na nusu.
"Bado mapema mno kurudi nyumbani," akasema, si kwangu.
Nikafungua daftari, jina? Akatikisa kichwa.
Nikaandika: Wa 32. Hakulipa ada. Hakutaja jina. Alikula yai.
Nikamwambia, Jumamosi ijayo, papa hapa.
Vaa raba.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe.
Ishirini na tisa, wameshanyoosha misuli,
wameshapakana mafuta ya kukinga jua,
na Barongo amepuliza mara mbili,
ambayo safari hii si jibu, ni hasira.
Nimepiga goti juu ya kokoto,
nafungua kamba ya kiatu ambayo haikulegea,
naifunga,
naifungua tena.
"Bado kidogo," nasema. "Kamba."